Karibuni Nyuma ya Tangi

Jumatatu, 4 Agosti

Sheikha amenunua televisheni. Si televisheni ile, ni ukuta. Wapagazi wameipandisha ngazini kwake wakihema, naye amesimama dirishani kuhakikisha Ndia Kuu nzima imeona. Imeona. Hata mimi nimeona, na nilikuwa nimempa mgongo.

Shida si televisheni. Shida ni watoto. Kila likizo wajukuu wangu, Hafswa na Ghassan, hushinda kwangu wakicheza gemu yao ya majitu ya chuma. Pamoja nao Lewis, mtoto wa Sidi mpangaji wangu wa juu, na Abdulkadir, mjukuu wa Sheikha. Leo Abdulkadir amehamia ng'ambo ya kichochoro, kwa bibi yake, na ameunda timu ya kwake. Kisha watoto wamekaa kikao kama wakubwa. Wataka kwenda mashindano ya gemu huko Makadara wakiwa kundi moja, na kundi moja lataka nyumba moja ya mazoezi. Wameafikiana kuwa Jumamosi timu mbili zipigane. Nyumba itakayoshinda ndiyo watakayoshinda ndani yake likizo nzima.

Mimi sijali. Kelele zao zaniumiza kichwa. Ila nyumba ikinyamaza namsikia friji akipumua, na friji hana mazungumzo.

Timu yetu imepungukiwa na mtu. Nimewaambia wasihangaike, nitacheza mimi. Hafswa, ambaye ndiye nahodha, akasema, Bibi, haiwezekani. Nikamuuliza nani alimfunza kula bila kujimwagia. Imewezekana.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeelezwa kazi. Kila timu ina majitu manne na mnara wake. Ukiuangusha mnara wa wenzio, umeshinda. Hafswa ni mpelelezi, yuatangulia kuchungulia. Hiyo kazi ningeiweza vizuri sana, nina dirisha langu miaka yote hii, lakini sikuulizwa. Lewis ni mshambuliaji. Ghassan ni ngao: asimama mbele apigwe yeye ili wengine wasipigwe. Nikasema hiyo si gemu, hiyo ni ndoa. Hakuna aliyecheka. Sikuwa nachekesha.

Mimi nimepewa ufundi. Jitu langu halina bunduki. Lina bomba! Mwenzio akiumia unammwagia mwanga wa kijani, anapona. Yaani nimepika, nimefua, nimeuguza watu umri wangu wote, naingia kwenye gemu nakuta kazi ni ile ile. Nimekataa. Hafswa akanibembeleza kwamba fundi ndiye roho ya timu. Maneno hayo nayajua. Huambiwa anayeachiwa vyombo.

Nimechukua bomba. Kwa sasa.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Lewis amelalamika kwamba simtengenezi. Ni kweli, simtengenezi. Ananipigia ukelele “Fundi! Fundi!” kama anayesimamisha tuktuk. Mimi nina jina. Nikamwambia aseme, Bibi, tafadhali. Alipofika kwenye tafadhali, jitu lake lilikuwa limeshalipuka.

Ghassan namtengeneza hata akiwa mzima. Hafswa asema huo ni upendeleo. Naam, ni upendeleo. Ni mjukuu wangu. Walidhani ni nini?

Sidi ameshuka ngazi, akanisalimu vizuri, akaniuliza kwa heshima zake mbona mwanawe peke yake ndiye anayekufa kila mara. Nikamwambia mfunze adabu, ataishi.

Baada ya alasiri nikauona mnara wa adui hauna mlinzi. Hafswa alikuwa amesema fundi asiondoke nyuma. Lakini mtu ukiona mlango wazi utasubiri nini? Nikauendea peke yangu, nikafungulia bomba lote. Mwanga tele! Mnara ukang'aa, nyufa zikajifunga zote, ukawa mpya kama wa jana. Kumbe nyufa zile Lewis alikuwa akizichimba tangu adhuhuri.

Lewis aliinuka. Alikwenda kukaa ngazini. Watoto wa siku hizi hawana stahamala.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata mbinu, na hii haina bomba.

Mtu akila biriani yangu, analala. Haina mjadala. Marehemu mume wangu alilala mbele ya mashemeji zake, mkono ungali sahanini. Basi leo baada ya swala nimemtuma Ghassan kwa Sheikha na sinia nzima, salamu nyingi, kwamba watoto wanaocheza wale washibe. Hesabu yangu: washibe, walale, wasifanye mazoezi, kesho tuwapige.

Nilichosahau ni kwamba Sheikha ni mtu wa kwao. Hawezi kumrudishia jirani sinia tupu hata akiwa katika kukata roho. Sinia ikarudi na mkate wa sinia, visheti, na bakuli la kaimati zinazochuruzika shira. Timu yangu ikazivamia. Kufika magharibi Hafswa amejilaza kwenye mkeka, Lewis anakoroma, Ghassan amelala na padi ya gemu kifuani kama kasa.

Ng'ambo ya kichochoro mizinga inalia. Kumbe biriani Sheikha amewagawia majirani. Watoto wake wameonja tu.

Kaimati zenyewe shira ilizidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Kabla ya vita Hafswa amenikalisha chini, akanipa masharti. Nikae nyuma ya tangi la maji la humo kwenye gemu, hapo ndipo timu yetu itajificha. Nimtengeneze yeyote anayeumia, hata Lewis. Nisiguse mnara wowote. Na kile kitufe cha maiki, kinachofanya wapinzani wakusikie, nisikibonyeze. Nikakubali yote. Wallahi nilikubali kwa moyo safi.

Na tulikuwa tunashinda! Ghassan alisimama kama mlango wa msikiti. Lewis nilimtengeneza kabla hajaomba, ijapokuwa iliniuma. Majitu yao mawili yameshaanguka. Mnara wao umepasuka. Waliobaki wanatutafuta uwanja mzima hawatuoni. Hafswa akasema kwa sauti ya chini, Bibi, bado kidogo tu, usifanye chochote.

Mara kwenye hedifoni nasikia sauti. Si ya Abdulkadir. Sheikha mwenyewe, amempokonya mjukuu wake.

“Salamu alaykum, Mwanakuu.”

Hafswa akanitikisia kichwa. Nisijibu? Nisijibu salamu? Mbele ya watoto ninaowafunza adabu? Nikabonyeza.

Nikamwitikia. Akauliza hali, nikamwambia njema. Akauliza magoti. Magoti yangu yana habari ndefu, nikamwelezea. Nami nikamuuliza presha, akanambia inapanda na kushuka. Akashukuru kwa biriani. Nikashukuru kwa kaimati, nikamwambia ila shira, mwenzangu, shira. Wakati wote huo Ghassan ananililia, “Bibi, tafadhali! Bibi, tafadhali!” Adabu nzuri kabisa. Lakini nilikuwa naongea na mtu mzima.

Kisha Sheikha akasema, mbona hatuwaoni, mko wapi jamani? Nikamwambia tupo hapa, nyuma ya tangi la maji, karibuni.

Wakakaribia. Wote.

Hafswa hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikunja nyaya moja moja, akafunga mashine ya gemu kwenye kanga, wakateremka kuhamia kwa Sheikha. Ghassan alirudi mbio. Nikadhani amekuja kunibusu mkono. Alikuwa amesahau ndara.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepika chai ya watu wanne. Nimeinywa.

Dirishani kwa Sheikha wanacheka. Nimefunga dirisha. Nimelifungua, joto.

Sidi ameniletea ndizi, akaniambia kwa upole kwamba ningekwenda kuwaomba watoto radhi yangekwisha. Radhi ya nini? Ya kujibu salamu? Nikamwambia akija tena na nasaha aje na ndizi zilizoiva.

Nimefagia sebule. Ilikuwa safi.

Jumanne, 12 Agosti

Wamerudi!

Habari yenyewe ni hivi. Jana Sheikha aliwatangazia watoto kwamba vita vya Jumamosi alivishinda yeye, kwa ulimi wake mmoja, na kwa hivyo apewe jitu. Wakampa ufundi. Akautupa. Akachukua jitu la Lewis lenye mizinga, na wa kwanza kupigwa naye alikuwa Abdulkadir, wa timu yake, mgongoni, kwa sababu hakumaliza chakula cha mchana. Kisha ikafika saa yake ya kulala, akazima televisheni na mchezo katikati.

Leo asubuhi wamepanda ngazi zangu timu zote mbili, Abdulkadir mbele amebeba mashine. Wameniamkia mmoja mmoja, hata Lewis. Hafswa akatoa sharti moja: watakaa hapa likizo yote, lakini katika nyumba hii hakuna bibi atakayeshika padi. Nimekubali mbele ya mashahidi. Wamejaa sebule, wamemwaga soda kwenye zulia, nimewatukana wote, roho yangu imetulia.

Alasiri nikaenda kumpa pole Sheikha. Nimemkuta peke yake mbele ya ule ukuta wake. Akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Nikasema ndiyo hayo. Tukanywa kahawa. Tukautazama ukuta. Mtoto wake wa Jeddah, akasema, atamletea mashine yake mwenyewe akija mwisho wa wiki.

Nikafikiri. Hafswa alisema katika nyumba hii. Kwa Sheikha ni nyumba nyingine.

Basi Sheikha amepiga simu Makadara kutuandikisha. Hawakutaja umri. Sidi tumemtia, tutamwambia. Wa nne ni Nekesa anayeuza mboga hapo pembeni, ana sauti nzuri. Msajili akauliza kazi. Mimi mshambuliaji. Sheikha mshambuliaji. Sidi mshambuliaji. Nekesa tukampigia ukelele dirishani, naye akajibu kama wenziwe.

Msajili akauliza, basi fundi wenu nani?

Nikachukua simu mwenyewe. Nikamwambia mwanangu, sisi hatutarajii kuumia.