Maji Machafu ya Kighuba Chetu

Jumatatu, 14 Julai

Mizamo sitini tangu Mei. Hakuna mzee wa rika langu, kutoka hapa hadi Athens, anayenikaribia.

Haya, arobaini na mmoja. Na miwili kati ya hiyo Bi Evanthia alikuwa amegeuka, akaniamini tu. Lakini hili ni daftari langu, si mahakama.

Niandike kanuni, maana najua kuna siku zitakanwa. Kichwa kikizama, ni mzamo. Kisipozama, umenawa. Lazima uzame hapahapa kighubani kwetu, chini ya kijia cha mbuzi, na lazima Bi Evanthia aone, kwa kuwa yeye ndiye anayechora vijistari vya mkaa kwenye ukuta wa banda la mashua. Alikuwa mkunga miaka thelathini na minane. Hajawahi kukosea kuhesabu vichwa. Atakayekuwa na mizamo mingi kufikia sikukuu ya Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti, jiwe bapa ni lake mwaka mzima.

Na jiwe hilo si mchezo. Linashuka majini kama ngazi. Tangu nibadilishwe nyonga, hapo tu ndipo ninapoweza kuingia baharini peke yangu. Kwingine kote ni mpaka nishikwe mkono kama bibi harusi. Bora ninuke.

Argiris ana arobaini na minne. Ni fundi wa lifti mstaafu. Tulisoma pamoja hadi darasa la nne, yeye akapanda la tano, mimi nikapanda mkokoteni wa baba, na hadi leo hajaacha kunisahihisha.

Leo wametokea wasichana wawili kutoka Athens, na mwavuli. Wakauliza kama hapa huwa kimya hivi siku zote. Nikakohoa, nikatikisa kichwa. Argiris akawajibu kwamba ni kimya kama kaburi, wanangu, na gari liacheni pale kwenye mzeituni, kuna kivuli. Akawapa na tini. Mzee mzima anauza nchi kwa ajili ya magoti manne.

Jumanne, 15 Julai

Wamerudi tisa. Wana redio.

Mmoja amelala juu ya jiwe, amejipaka mafuta utadhani anasubiri kutiwa kikaangoni. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba jiwe hilo lina mwenyewe. Akafungua jicho moja. "Babu, ulilibeba wewe mpaka hapa?" Argiris alicheka hadi akanywa maji ya bahari. Namshukuru Mungu kwa maji hayo.

Nikasimama nusu saa, kofia kichwani, taulo begani, nikisubiri aibu iwapate. Haikuwapata. Sikuoga. Argiris arobaini na mitano.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata dawa yao.

Nimeng'oa mlango wa kabati la jikoni nikauandika kwa rangi ya mashua: MAJI MACHAFU. HATARI. USIOGE. Chini yake nikaongeza "Kwa amri", bila kusema ya nani. Amri ni amri. Alfajiri nikaupigilia pale kijia kinapoanza, kisha nikajibanza nyuma ya kichaka.

Wale tisa walifika, wakasoma, wakabishana. Mmoja akasema hata yeye jana alisikia harufu fulani. Jana! Maji ambayo ukiangusha sindano unaiona imelala chini. Wakapakia mwavuli wao wakaenda zao.

Nikashuka kama mkuu wa mkoa. Jiwe tupu. Nikaingia, nikazama, nikakaa chini hadi masikio yakaimba. Nikaibuka nikamtazama Bi Evanthia. Mikono ameikunja. Mkaa uko mkobani.

Akasema amekisoma kibao. Akasema maisha yake yote amechemsha maji, na mzamo wa maji machafu hauhesabiwi, wangu wala wa mtu yeyote, mpaka ijulikane kuna nini. Nikamwambia vibao vingi siku hizi vinasema uongo. Akaniuliza sasa hiki ni amri ya nani. Nikasema nadhani ni ya serikali.

"Basi serikali imeshasema, Prodromos. Toka humo kabla hujaota magamba."

Argiris hakubisha hata neno. Abishe nini? Mchezo umesimamishwa yeye akiwa mbele.

Alhamisi, 17 Julai

Bi Evanthia amepiga simu manispaa. Aliwafokea dakika ishirini, akitaka kujua ni nani aliyeichafua bahari yetu. Sikujua kwamba mtu wa miaka themanini ana pumzi nyingi hivyo.

Saa tano akaja bwana afya na chupa zake. Kijana, viatu vya ofisini, kijia kilimla soli. Akauliza nani kaweka kibao. Tukatazama bahari sote. Argiris akakisogelea, akakipapasa taratibu, akasema ajabu ya dunia, siku hizi serikali inatengeneza vibao vyenye kishikio na bawaba. Bwana afya akaandika hilo nalo.

Nikamvuta pembeni. Nikamuuliza kama maji hayawezi kuonekana machafu kidogo tu. Akauliza kidogo kiasi gani. Nikasema kiasi cha kuwazuia watu mia, lakini wazee watano waruhusiwe. Akahamishia chupa zake mbali nami. Majibu Jumatatu.

Siku nne bila mzamo unaohesabika. Kisa nini? Kisa raia mmoja kujitolea kulinda utulivu, na hakuna hata wa kumwambia ahsante.

Jumatatu, 21 Julai

Majibu yametoka. Maji safi kuliko yote pwani hii.

Bwana afya aliyaleta mwenyewe, ana furaha kama baba wa mapacha. Mlango wangu umeondolewa. Manispaa imeweka kibao chake, na si kwenye kijia, bali barabara kuu, kinakoonekana na kila basi linalotoka mjini. Cha buluu. Kina picha ya mtu anayeogelea. Kina mshale pia. Mimi nimelipa kodi miaka hamsini, sijawahi kuwekewa mshale.

Bi Evanthia akaisoma karatasi hadi mwisho, akavua miwani, akaniuliza kwa upole siku hizi sahani zangu nazihifadhi wapi.

Nikasema mezani.

Akachovya kitambaa majini, akaenda ukutani, akafuta vijistari vyangu vitano. Thelathini na sita. Nikalalamika kwamba hiyo ni hukumu bila kusikilizwa. Akasema basi nisikilizwe, nianze kusema. Nikaenda kutafuta taulo langu.

Jumamosi, 26 Julai

Magari hadi kwenye kona ya mlima. Mzeituni hauonekani. Kuna mtu anauza kahawa ya barafu bandani, na ukuta ameupiga chokaa ili upendeze. Mkaa wote umefutika. Bi Evanthia anasema hesabu anayo kichwani, lakini nilimwona akisimama mbele ya ukuta ule mweupe kwa muda mrefu, mkobani hakutia mkono.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Wawili walikuwa wamelala juu ya jiwe tangu usiku. Saa mbili wakawa saba. Nikasema nina nyonga ya chuma. Wakasema pole sana, babu, wakanisogezea nafasi ya kuweka kofia.

Argiris akatoka majini hadi magotini, akaninyooshea mkono. "Njoo bwana, Prodromos. Katika kundi lote hili nani atakutazama wewe?"

Nikamwambia akamshike mkewe. Nikarudi nyumbani mkavu, vifungo vyote vya shati vimefungwa. Siku tano sasa, tangu kiwekwe kile kibao cha buluu, sijaingia baharini. Mguu umeanza kugoma hata ngazi za kwangu. Sikumwambia mtu.

Jumapili, 27 Julai

Nimepata kwingine.

Ng'ambo ya mlima. Hakuna mtu, hakuna redio, maji yametulia kama mafuta kwenye bakuli. Kasoro moja tu: hakuna jiwe la kushukia. Ni mwamba, halafu bahari.

Safari hii natumia akili. Vibao basi. Baada ya misa niliingia mkahawani nikatangaza mbele ya wote kwamba kule kumejaa nyoka, wanene kama mkono. Wakanisikiliza. Mmoja akauliza kule wapi. Nikaeleza vizuri ili asije akapotea mtu: upite kanisa dogo jeupe, ushike kushoto kwenye pampu mbovu, uteremke hatua mia tatu, hapo penye kivuli hadi adhuhuri. Hawakuelewa, nikawachorea ramani. Wakaipiga picha kwa simu ili wawaonye na jamaa zao wa mjini. Kwa kweli watu wakielezwa vizuri wanaelewa.

Ukurasa huu nauchana, naupitisha chini ya mlango wa Argiris.

Argiris, mwezi wa Februari mkeo alipouliza ulikuwa wapi kutwa nzima, ni nani aliyeapa mbele ya sanamu ya Mtakatifu Nikolaos kwamba ulikuwa kwangu tunacheza dama? Basi kesho saa kumi na mbili asubuhi uje huko ng'ambo ya mlima, na Bi Evanthia umlete; ile kanuni ya kighubani kwetu tu naikana mwenyewe. Tangulia majini, simama kiunoni, upande wangu wa kushoto, uso uangalie baharini. Mkono sitaki. Niachie bega tu.