Vyuma Vimekaza, Visu Haviuzwi

Alhamisi, 29 Mei 2025

Vyuma vimekaza rasmi. Bosi ametuita makarani wote wa forodha na kutangaza kwamba ovataimu imekufa, posho ya nauli imekufa, na chai ya saa nne haitakuwa tena na maziwa. Nimerudi Chanika nimenuna. Nikafungua kabati langu la visu, nikapoa. Kumi na tisa! Kila kimoja na kitambaa chake. Sime ya Kimasai yenye ala ya shanga. Kisu cha marehemu bibi cha kumenyea ndizi, kilichosafiri kutoka Bukoba ndani ya soksi. Kisu alichonifulia fundi wa Pugu kwa springi ya lori.

Demetria akaingia. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la tatu, jambo akilisema halirudii. Kasema kabati hilo limekula hela ya bati za jiko, na sasa unga umebaki kwenye kitako cha ndoo. Visu vianze kuleta chakula kabla ya Idi, la sivyo Jumatatu inayofuata anavipeleka mnadani, vyote, pamoja na vitambaa vyake. Nikajaribu kumweleza thamani ya mkusanyo. Akaniuliza kama mkusanyo unasongwa.

Dakika hiyohiyo Edgar wa Boko, mkusanya visu mwenzangu, akaweka picha kwenye status yake. Anauza kisu cha mpini wa pembe ya ng'ombe! Edgar huyuhuyu aliyeniringia miaka yote, asiyeniruhusu hata kukishika. Ada za watoto zimemshinda. Nilimhurumia kidogo, kisha nikaanza kurukaruka.

Ijumaa, 30 Mei

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki. Idi ya kuchinja ni wiki ijayo. Nitakodisha visu!

Mchinjaji wa mtaa wetu ni mzee Shomari, jirani wa ukuta kwa ukuta. Hata sisi Wakristo tukiwa na ubarikio au kipaimara tunamwita yeye achinje, ili kila jirani ale bila wasiwasi. Kila Idi namwona akihangaika na kisu kimoja kilichochoka, akisimama kukinoa huku mbuzi wamepanga foleni.

Nimemfuata baada ya sala ya Ijumaa. Nimempa shikamoo ndefu, nikamfungulia vitambaa. Alijaribu makali kwenye ukucha, akatabasamu. Anavitaka vyote kumi na tisa, kila kaya itachangia. Kabla sijafika nyumbani alikuwa ameshawatangazia wenzake barazani kwamba mwaka huu kuna visu vya maana. Mimi ni mfanyabiashara!

Jumapili, 1 Juni

Sikumsikia padri hata kidogo. Nilikuwa nawaza: kwa nini visu vilale kabatini wiki nzima vikisubiri Idi? Mali isiyozunguka ni hasara.

Baada ya misa nimekutana na Eliaichi, yule mama wa Kichaga mwenye baa pale stendi. Analalamika kwamba visu vyake havikati hata kachumbari, na kununua vipya hawezi, biashara imelala. Nikamwambia tatizo limekwisha. Amevichukua vyote kwa siku nne, analipa kila jioni. Kumbuka: Eliaichi anauza kitimoto tu, nguruwe wa kuchoma na rosti, na watu hutoka mpaka Pugu kumfuata. Visu vyangu vitapata mazoezi mazuri kabla ya Idi.

Jumanne, 3 Juni

Furaha nyumbani! Nimeingia na unga, mafuta na sukari. Demetria kauliza nimetoa wapi. Nimemjibu kwa ufupi kwamba nina wateja. Samaki wangu leo alikuwa na kichwa na mkia, wakati kwa kawaida napata kimojawapo.

Edgar kaandika tena. Kuna mtu wa Temeke anakitaka kisu cha pembe. Nimemjibu kwa upole wa mtu mwenye uwezo kwamba asubiri Idi ipite. Raha iliyoje kumwona Edgar akisubiri!

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwisha.

Nilikwenda kuchukua visu kwa Eliaichi, nikarudi navyo nikipiga mluzi. Nimemkuta mzee Shomari amekaa sebuleni kwangu na mdogo wake, Twaha. Demetria amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Twaha alipita stendi jana, akaiona sime yenye ala ya shanga imening'inia juu ya sinia la kitimoto. Chanika nzima hakuna sime nyingine yenye shanga zile.

Mzee Shomari hakupaza sauti. Ningemshukuru kama angepaza.

“Ansbert, mie sigombi kwa kuwa unakula nguruwe. Hayo ni yako na dini yako. Ila ulijua mie ndiye nitakayeshika visu hivi, nichinjie watu ibada yao. Ukanyamaza.”

Ukweli ni kwamba sikunyamaza. Sikuwaza kabisa! Nilikaribia kumwambia hivyo, nikaona inasikika vibaya zaidi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Huyu mzee ndiye aliyenishikia ngazi nilipoezeka nyumba hii.

Nikamwambia basi aviache tu, yaishe. Akasema haiishi. Ameshawaahidi watu, na wengine wameuza visu vyao kwa hali hii, akiwemo Bi Mwajabu, ambaye mwaka huu anachinja kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mume. Kisha akanieleza sheria yao: kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo safi. Kesho atakuja mwenyewe kusimamia. Nikauliza kwa heshima kama sabuni nzuri ya maji haiwezi kuhesabiwa mara tatu. Twaha alitoka nje kucheka.

Ijumaa, 6 Juni

Visu kumi na tisa, mara saba! Nimeomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha tumbo. Mzee Shomari kakaa kwenye kiti cha plastiki akihesabu. Majirani wamejaa ukutani, watoto wakahesabu naye kwa kuimba. Udongo wa Chanika una mchanga. Ule mng'aro niliousugua miaka mingi kwa pamba na mafuta umeondoka kwa mkono wangu mwenyewe. Ala ya shanga imelowa ikajikunja. Nililia kidogo kwenye kisu cha bibi. Demetria alileta maji ndoo baada ya ndoo, na sijawahi kumwona akibeba maji kwa furaha namna ile.

Jumamosi, 7 Juni

Idi! Visu vimekata! Sijawahi kuviona kazini namna hii, nilisimama pembeni mwili ukinisisimka. Mzee Shomari alimaliza kabla jua halijawa kali, akanipa mkono mbele ya watu. Bi Mwajabu kanishukuru mpaka nikainamisha kichwa. Ujira sikuuomba, nisingethubutu. Lakini nyama imeingia nyumbani kutoka nyumba sita, paja zima kutoka kwa mzee mwenyewe.

Wakati wa kula pilau Demetria katoa hukumu. Kasema visu vimewafaa watu, basi mnadani haviendi. Sharti ni moja: sikodishi tena, sinunui tena. Nikaapa kwa moyo wangu wote. Nimeelewa. Nimebadilika.

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa!

Eliaichi kapiga simu asubuhi. Jumamosi ana watu wa kikoba, nguruwe wawili wazima, anataka visu vyote kumi na tisa na analipa nusu mapema. Nikamwambia nimeacha. Akasema analipa yote mapema. Mchana akaja Twaha. Anaoa Jumapili, ng'ombe anachinjwa alfajiri, na mzee Shomari kamtuma aniombe visu vilevile, maana vimeshasafishwa na kila mtu ameona. Ningemkataliaje bwana harusi?

Nimewakubalia wote wawili. Kati ya Jumamosi jioni na Jumapili alfajiri kuna usiku mzima, na sasa kuosha mara saba nimeshazoea, mkono umekuwa mwepesi. Malipo ya Eliaichi yameenda moja kwa moja Boko. Kisu cha mpini wa pembe kiko kabatini kwangu, na Edgar alikiaga kama anayesindikiza binti!

Udongo nimeshauchekecha, ndoo mbili, laini kabisa. Demetria kauliza ni wa nini. Nimemwambia nataka kuanza kupanda maua.