Dirisha Lisilo na Adabu

Jumatatu, 12 Juni. Upepo wa ziwa tangu alfajiri, vumbi hadi kwenye chai.

Mama Pudentienne, mkurugenzi wa kituo chetu cha kompyuta hapa Kimanga, amekasirika. Wanafunzi wanakimbia kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu! Ukibonyeza "Mradi mpya", linafunguka dirisha la maswali rundo: folda gani, lugha gani, toleo gani. Ametuagiza Basile na mimi, wasaidizi wake, kila mmoja atengeneze dirisha bora. Ijumaa atachagua. Mshindi anakuwa mwalimu wa kudumu. Nafasi ni moja. Yangu!

Jumanne, 13 Juni. Mawingu mepesi.

Nimechungulia dirisha la Basile. Aibu! Linauliza jina la mradi, basi. Hata salamu hakuna. Nikamwuliza kama mama yake alimlea hivyo. Akajibu: "Weye Bella, miye natengeneza dirisha, sitengenezi shangazi."

Ana wivu tu.

Jumatano, 14 Juni. Baridi kidogo.

Langu linasalimu kwanza. Habari ya usingizi? Ya watoto? Ya shamba? Ya ng'ombe? Usipojibu, halikupeleki mbele. Maswali ya zamani nimeyaacha yote palepale, baada ya salamu. Mtu akishasalimiwa atayavumilia.

Ijumaa, 16 Juni. Joto.

Wa kujaribu: Papa Gaspard, mfugaji wa Rurambo, mwanafunzi wetu. Kwa Basile alimaliza kabla sijakaa. Akanung'unika kwamba dirisha lina haraka kama mtu anayefukuzwa. Nikatabasamu.

Langu likamfurahisha. "Hii iko na adabu!" Akaandika habari za ng'ombe wake, mmoja mmoja, kwa majina. Kisha akakunja mikono. Alisema yeye ameshajibu, sasa kompyuta nayo iseme habari za kwao. Hawezi kuanza kazi na asiyerudisha salamu. Akaiuliza tena kwa sauti, pengine haisikii vizuri. Mradi ukabaki haujaanza. Mama Pudentienne akasimama, akampa Basile mkono wa pongezi.

Jumamosi, 17 Juni. Anga safi.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa nimeliona: salamu zilikuwa chache. Ili nayo ijibu, nimeipa kompyuta ukoo mzima, wajomba wawili na shamba la mihogo kule Lubarika. Basile, mwalimu mpya, amenikataza kugusa dirisha la kuanzia mradi. La kufungia mradi hakulitaja. Na mgeni haondoki bila kusindikizwa! Nimeshaandika maswali ishirini ya kuaga.

Saa tano usiku. Nalala, roho nyeupe.