Kamati ya Kulinda Gari Lisilo na Ufunguo

Napenda kuutangazia umma wa Mwanza, Magu na vitongoji vyake kwamba katika siku tisini za uhai wa Kamati ya Kuzuia Wizi wa Hewani, hakuna hata gari moja lisilo na ufunguo lililoibwa kwa mitambo katika Kanda yetu. Mafanikio ni asilimia mia moja. Wapo wenye wivu wanaosema Kanda nzima ilikuwa na gari moja tu la aina hiyo. Hao hatuwajibu, maana asilimia ni asilimia.

Mimi nilikuwa Katibu wa Kamati. Ninachoeleza hapa nakitoa kwenye kumbukumbu za vikao, si vijiweni.

Mwaka ule wa 1997 tulikuwa Pasiansi, hapa Mwanza, na jina letu lilikuwa Ofisi ya Kuratibu Soko Huria la Pamba. Zamani pamba ikinunuliwa na ushirika, ofisi kama yetu haikuwepo. Serikali ilipoliachia soko liwe huria, ikaonekana kwamba uhuru usipofunguliwa mafaili utapotea njia. Mkurugenzi wetu, Bwana Rwehumbiza, msomi wa Kagera mwenye digrii mbili na tai za kila rangi, akapewa gari la buluu lililotoka Japani kwa njia ya Dubai. Lilifunguliwa kwa kidude kidogo kama kiberiti. Ukikibonyeza mara moja gari linalia twii, taa zinakonyeza, milango inaachia. Ukibonyeza mara mbili linawaka lenyewe, ndani hakuna mtu. Siku ya kwanza mama lishe wetu, Paskazia, alitazama mpaka ugali ukaungua.

Raha ile haikudumu. Mkurugenzi alikwenda semina Arusha akarudi amenywea. Huko aliambiwa kwamba Ulaya wezi hawavunji tena vioo. Wanasimama kando na mtambo, wanadaka mawimbi ya kidude yakiwa hewani, wanayarudisha, na gari linawatii kama mbuzi aliyeonyeshwa chumvi. Kesho yake asubuhi akaunda Kamati, mwenyekiti akiwa yeye mwenyewe.

Kikao cha kwanza tulimwita mtaalamu, Yakobo, fundi redio wa Mabatini. Alikuja na redio ndogo na kopo la biskuti. Akaiwasha redio, akaitumbukiza kwenye kopo, akafunga kifuniko, na mtangazaji akakatika katikati ya bei ya pamba. Akatuambia tuweke kidude humo, mawimbi hayatatoka, kazi imekwisha. Kisha akaomba ruhusa, wateja wanamsubiri. Tulimshukuru, lakini ushauri wake ulikuwa na kasoro moja kubwa. Ulichukua dakika nne, na Kamati ilikuwa imeombewa siku tisini.

Kwa hiyo tuliuboresha. Kopo likawekwa ndani ya kabati la chuma, kabati likatiwa kufuli tatu, na kila kufuli ikapewa mwenye ufunguo wake: Mkurugenzi, Mhasibu na mimi. Mhasibu akiwa msibani, Mkurugenzi alikwenda mjini kwa miguu, na alikwenda bila kulalamika, kwa sababu usalama una gharama. Tundu la ufunguo lililokuwa mlangoni mwa gari tukaliziba kwa gundi ya chuma, maana mwizi wa kizamani naye ni mwizi. Redio zikapigwa marufuku hatua mia moja kuzunguka ofisi. Waendesha baiskeli waliokuwa wakitoka sokoni wakiburudika kwa redio walishuka, wakazima, wakasukuma, na mbele kidogo wakawasha tena. Wengi walitupa pole, wakidhani tumefiwa.

Kikao cha tano ndicho kilichomgusa Mzee Mashimba.

Mzee Mashimba alikuwa mlinzi wetu wa getini, Msukuma wa Magu, mwaka wa kumi na nane kazini. Alikuwa na rungu, filimbi, na binti aitwaye Rose kidato cha tatu. Wakati huo redandansi, yaani kupunguza wafanyakazi, ilikuwa imeingia kila ofisi, na Dar walikuwa wametuandikia kwamba tume inakuja kupunguza mtu mmoja kwetu. Mkurugenzi akatoa hoja kwamba gari la elektroniki linajilinda kielektroniki, na mlinzi wa rungu hana mahali katika karne ijayo. Hata hivyo sisi si watu wakatili. Tuliazimia kwamba Mzee Mashimba atabaki iwapo, kabla ya siku tisini kwisha, atamkamata japo mwizi mmoja wa kielektroniki. Asipomkamata, jina lake lipelekwe kwenye tume.

Aliitwa asomewe azimio. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi, kisha akauliza swali moja.

"Huyo mwizi nitamtambuaje, bosi? Mtambo anauficha, kioo havunji."

Swali lilituchukua vikao viwili. Nakiri nilimwonea huruma, lakini Katibu haandiki huruma kwenye kumbukumbu. Mwishowe Mkurugenzi mwenyewe aliandika tafsiri, karani wetu Odeta akaipiga chapa nakala kumi, na Waraka Namba Tatu ukatoka na saini na mhuri: "Mwizi wa kielektroniki ni mtu yeyote atakayeonekana akifungua gari bila ufunguo. Mlinzi akimwona apige filimbi, amzuie, asisikilize maelezo." Nakala moja ilikwenda kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa, kwa ajili ya ushirikishwaji wa wananchi. Mzee Mashimba aliikunja yake vizuri akaitia mfuko wa shati.

Siku zikaenda. Mwizi hakutokea. Mzee alianza kukonda. Paskazia aliniambia kwamba chakula anakiacha sahanini, na kwamba Rose ameanza kuulizia kazi za ndani.

Siku ya tisini tume ilifika. Iliongozwa na Mama Bernadeta, mwanamke mpole kutoka Dar, mwenye faili jembamba na kalamu moja. Saa tisa alasiri Mkurugenzi akamwalika uani aone kwa macho yake jinsi teknolojia inavyochukua nafasi ya binadamu. Kidude kilikuwa kimetolewa kabatini kwa heshima zote, mara ya kwanza tangu Waraka Namba Tatu utoke, funguo tatu zikiwapo. Mkurugenzi alisimama hatua kumi mbali, akanyoosha mkono kama anayebariki, akabonyeza.

Gari likalia twii. Milango ikaachia. Na filimbi ikalia.

Asiyekaa na Wasukuma hajui maana yake. Filimbi ya wito ikilia hapa huulizi kwanza ni nani, wala kuna nini. Unatoka, maswali baadaye. Kabla Mkurugenzi hajashusha mkono, sungusungu kumi na wawili walikuwa wameshaingia getini, mbele yao kamanda wao Ngosha, ambaye alikuwa ameshika kandambili mkononi ili akimbie vizuri. Wakamweka Mkurugenzi kati. Wakamwomba kwa adabu avue viatu na mkanda, aketi chini. Akaketi, tai ikiwa vumbini.

"Mzee Mashimba," alisema, "wewe unanijua mimi."

"Nakujua, bosi. Miaka yote nakufungulia geti." Mzee aliikunjua karatasi yake. "Lakini waraka unasema nisisikilize maelezo."

"Gari ni langu!"

Mama Bernadeta akasema kwa upole kwamba yeye alidhani ni la serikali.

Ngosha akauliza ufunguo wa gari uko wapi. Mkurugenzi akajibu kwamba gari hili halina ufunguo, na ndiyo sifa yake. Sungusungu wakatazamana. Kwao kesi ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni adhabu.

Mama Bernadeta akaomba karatasi, akaisoma mara mbili, akauliza aliyetia saini ni nani. Macho yote yalishuka chini, alipokaa mwenye saini. Akamwambia Mkurugenzi kwamba anaona njia mbili. Waraka ni sahihi, basi yeye ni mwizi. Au waraka ni wa ovyo, basi ofisi imekaa siku tisini kutunga upuuzi. Achague.

Mkurugenzi ni msomi, hakukaa na digrii mbili bure. Alifikiri kidogo, akajifuta vumbi, akasema ipo njia ya tatu.

"Lilikuwa zoezi. Nilikuwa napima utayari wa mlinzi."

"Na amefaulu?"

Alimtazama Mzee Mashimba, akawatazama sungusungu kumi na wawili.

"Amefaulu," alisema.

Nilimpa kalamu akaliandika hilo akiwa palepale chini, akatia saini, na mimi nikagonga mhuri juu ya boneti. Mzee Mashimba aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Alisema asante, akaenda nyuma ya kibanda chake kujifuta macho kwa kofia. Mimi pia machozi yalinilenga, na hili naliandika kwa sababu Kamati imeshavunjwa.

Mama Bernadeta akafungua faili lake jembamba. Alisema mlinzi amethibitishwa kwa maandishi kuwa anahitajika, na bado ametumwa kupunguza mtu mmoja. Akamwuliza Mkurugenzi kazi yake hasa ni nini. Mkurugenzi, akifunga mkanda, akajibu kwamba anaratibu soko huria. Akaulizwa soko likishakuwa huria linaratibiwaje. Akasema swali hilo ni zito, linahitaji kamati.

Kalamu ya Mama Bernadeta ikaandika jina moja.

Jumatatu iliyofuata Bwana Rwehumbiza alikuja kuchukua barua yake, kwa miguu, tangu mjini. Mzee Mashimba alisimama, akamwamkia kwa heshima kama kawaida, akampa kiti, akamwuliza habari za nyumbani. Kisha akamsogezea kitabu cha wageni. Bwana Rwehumbiza akaandika jina, akaandika atokako. Kwenye safu ya shughuli iliyomleta alisita, kalamu ikaning'inia. Mzee akamwelekeza kwa kidole kwamba hapo wageni huchagua moja kati ya mawili, kikazi au binafsi.

Akaandika: binafsi.