Mguu wa Mzee Muhanna

Ijumaa, 5 Machi 1971

Siku ya ishirini tangu nipeleke posa kwa Mzee Muhanna kumwomba bintiye Mardhiya. Jibu bado. Anasema lazima kwanza aende Pangani kushauriana na nduguye, na mguu unamuuma, hawezi safari. Nikamwambia mimi natibu miguu. Sijui kwa nini nilisema. Mimi nashona makubadhi tu! Ila viatu navisoma: nani anakanyagia nje, nani anaburuta kisigino. Leo nikamsubiri aingie msikitini, nikayapindua makubadhi yake pale mlangoni. La kushoto limelika upande wa nje. Basi kifundo kimelegea. Nimeujua ugonjwa bila kumgusa mtu.

Jumamosi, 6 Machi

Nikamwamkia Mzee nyumbani kwake, nikamwambia hata asinionyeshe mguu: ni kifundo cha kushoto, kiliteguka zamani. Kisha akasema kinachouma ni kidole, tena cha kulia, na makubadhi yale si yake. Ijumaa ya wiki iliyopita mtu alitoka msikitini na yake, naye akavaa yaliyobaki. Mji mzima tunabadilishana viatu hivyo, na mimi ndiye ninayevishona! Nikamsikia Mardhiya akicheka nyuma ya pazia.

Hapo ningeaga. Badala yake nikasema maumivu ya kulia huanzia kushoto, yakapitia kiunoni. Nikakipaka kifundo cha kushoto, kizima kabisa, tangawizi na pilipili manga, nikakifunga kitambaa kwa nguvu. Mzee akaniachia, kwa adabu zake.

Jumatatu, 8 Machi

Mzee alikuwa anachechemea mguu mmoja. Sasa hasimami hata kidogo. Ameitwa Majaliwa, dresa wa zahanati, ambaye siku zote hunisalimu kwa sauti ya kunihurumia. Nilimkuta amekaa mkekani, ameupakata mguu wa kulia wa Mzee, anatenganisha vidole kimoja kimoja. Mimi sikuwa nimeutazama hata mara moja.

Funza, chini ya ukucha wa kidole cha mwisho. Mzee alikuwa anajua siku zote. Alimpata shambani Kiwangwa, akaona aibu kusema, mtu wa ukoo wake na funza. Majaliwa akamtoa kwa sindano, akapaka dawa, wala hakuinua sauti. Kisha akafungua kitambaa changu. Kifundo kimevimba, ngozi imebabuka. Akauliza ni kazi ya nani. Nikasema nawahi swala ya adhuhuri. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Jumatano, 10 Machi

Tangu juzi sijatoka. Naona haya hata kwa wanaoniletea viatu. Leo nikajikaza, nikaenda kuomba radhi. Mzee amenisamehe kwa moyo mmoja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akasema safari ya Pangani ilikuwa kisingizio tu, aliona aibu kuozesha huku akichechemea kwa funza. Yeye alikwisha kuniridhia zamani. Lakini amemuuliza binti. Na Mardhiya amesema hawezi kukaa na mtu ambaye, kuliko kusema hajui, yuko radhi amlemaze babake.

Nilirudi nimeinamisha kichwa. Sijapata kujidharau namna hii. Nikaapa kufunga mdomo wangu. Karibu na nyumbani nikamkuta Bi Thuraya, mjane wa jirani, ameshika shavu, anakwenda kwa Majaliwa. Nikamwambia asijisumbue. Miguu nilikuwa najaribu tu, kazi yangu hasa ni meno.