Kifaranga Aliyenijibu Siku ya Posa

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, akanifikisha jioni hii nikiwa bado na heshima yangu, hata kama imepungua kidogo.

Marafiki, leo nimeumbuka.

Mnajua mimi hufuga kware hapa Gitothua, mtaa wa Ruiru. Miaka ile kila nyumba Ruiru ilikuwa na kware, marehemu mke wangu, Mama Njeri, alinunua kumi. Soko lilipoanguka, majirani waliwala kware wao kwa wiki moja. Yeye akakataa. "Hawa hawajanikosea," akasema. Nilio nao ni uzao wa wale kumi. Au tuseme niliokuwa nao, kwa maana wiki mbili zilizopita paka aliingia kibandani akawamaliza. Yakabaki mayai sita ndani ya mashine ya kutotoa.

Leo ni siku ya kumi na saba, siku ya kware kutoka kwenye mayai. Asubuhi nikaweka sikio, nikasikia wanadonoa maganda. Nikaanza kumshukuru Mungu. Kabla sijafika amina, stima ikapotea, mashine ikazima. (Amina yenyewe niliisema baadaye.)

Na leo ndiyo siku ya kupeleka posa ya Kamau, mtoto wa ndugu yangu, kule Thika. Msemaji ni mimi.

Nikamkumbuka Mama Njeri. Stima ikipotea alikuwa akiyafunga mayai kwa leso, anayatia kifuani, anaendelea kuchagua mchele. Nikimcheka ananiambia, "Joto la mtu halihitaji fundi." Basi nikayatia ndani ya soksi ya sufu, na soksi nikaiweka mfuko wa ndani wa koti.

Thika tulipokelewa vizuri. Shangazi wa msichana akaja kunikumbatia. Nikaruka nyuma, nikamsalimu kwa ncha za vidole.

"Huyu mzee anajiona," akamwambia mwenzake.

(Ningesema nini? Kwamba ninaatamia?)

Wakati wa kusema ukafika. Desturi yetu ni kwamba msichana hatajwi kwa jina, mnazunguka na mafumbo. Nikasimama, nikakohoa.

"Wakwe zetu, tumetoka Ruiru tukitafuta kifaranga wetu aliyepotea. Tumesikia yuko boma hili."

Nikatulia, wapate kufikiri.

"Pii," likajibu koti.

Kamau akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Pii. Pii-pii."

Baba ya msichana, mzee mpole mwenye bakora, akainama mbele. "Mzee, hebu rudia. Alipotelea wapi?"

"Ruiru," nikasema.

"Na mfukoni umeangalia?"

Nyumba nzima ikacheka. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Ikabidi nitoe soksi mbele ya wazee wa pande zote mbili, na kichwa kimoja kilicholowa, kidogo kama harage, kikachungulia.

"Wamekuja na kifaranga wao," akasema shangazi. "Basi wetu abaki."

Nikaeleza yote: paka, stima, Mama Njeri. Kicheko kikapoa. Mama ya msichana akaondoka bila neno, akarudi na sufuria iliyotandikwa kitambaa, akaiweka karibu na jiko la makaa. Mazungumzo yakaendelea, ila kila nilipofungua mdomo, watu walitazama sufuria.

Tulipokuwa tunaondoka walikuwa wametoka wanne. Mayai mawili yalinyamaza. Msichana tumekubaliwa, lakini tumeombwa kwa adabu kwamba siku ya mahari tulete msemaji mwingine.

Nimefika nyumbani nikakuta stima imerudi. Nimewaweka chini ya taa. Kisha nikajikuta naita kuelekea jikoni, kama zamani, "Mama Njeri, wametoka."



Wakaitika wao wanne.

Tafadhali msicheke sana. Na wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulindie kile kidogo ulichoachiwa, stima iwepo isiwepo.