Nyuki wa Madam Filister

Jumatatu, 13 Mei 1996
Inspekta anakuja tarehe thelathini! Mzee Zadock, mwalimu mkuu wetu, ametangaza leo. Atakagua mashamba ya wanafunzi, kisha naibu wa mwalimu mkuu atachaguliwa. Mimi, Machuki, nimefundisha hapa Rangwe miaka kumi na moja. Nani mwingine? Labda Madam Filister wa darasa la nne. Maboga yake yana maua. Yangu, ya darasa la sita, yana maua na samadi.

Tena Madam anapoteza muda. Leo aliwatoa watoto nje wakae kimya mbele ya ukuta wa udongo, wahesabu nyuki. Si wa mzinga. Ni wa mwituni, kila jike na tundu lake. Unaibu ni wangu.

Jumatano, 15 Mei
Nimewafumania! Saa moja asubuhi, nyuki ndani ya maua yangu, wamejaa unga wa manjano mpaka miguuni. Wizi mchana kweupe! Nikamwita Beverly, kiranja wangu, awe shahidi. Akasema Madam amewafundisha watoto wa darasa la nne kwamba nyuki hubeba unga huo kutoka ua dume hadi ua jike, ndipo boga linashika. Nikamwambia maboga yalikuwepo kabla ya Madam kuzaliwa.

Jumamosi, 18 Mei
Homa Bay. Shemeji yangu amenipa neti kuukuu ya kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani. Nimeikunja mara mbili, nimefunika shamba zima, nimeweka mawe pembeni. Hata nzi hapiti. Akili ni nywele!

Jumanne, 21 Mei
Watoto wa Madam wamemwonyesha Mzee Zadock nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za jiko la shule. Watoto wadogo walikuwa wanaruka wakiita "Kich! Kich!", yaani nyuki kwa Kijaluo, kama wameona sukari. Mzee alicheka. Kwenye somo langu hajawahi kucheka.

Jioni, shule ikiwa tupu, nilienda na udongo kuziba matundu ya ukutani. Mimi si mkatili. Nilitega sikio kwanza kuhakikisha hakuna mtu nyumbani.

Alikuwepo.

Jumatano, 22 Mei
Sikio limefura kama andazi. Nimeliambia darasa ni jino. Madam Filister ameniletea kipande cha kitunguu nisugulie, akasema kwa upole kwamba nyuki yule hana ugomvi na mtu, huuma akibanwa tu. Amejuaje? Beverly akaninong'oneza kwamba mkono wa shati langu una udongo.

Jumatatu, 27 Mei
Balaa. Viboga vyangu vichanga vinageuka manjano, vinasinyaa, vinaanguka. Ng'ambo ya kijia, darasa la nne wana maboga makubwa kama ngumi ya mtu mzima. Nimeongeza samadi. Nimeongeza mawe.

Alhamisi, 30 Mei
Sijui niandikeje.

Inspekta Ryoba, mtu wa Kehancha, mrefu, hana maneno mengi. Alitoa neti mwenyewe. Majani mazuri, maua mengi, boga hakuna. Nilianza kueleza habari ya mvua. Kisha akafika kona ya mwisho, akainama. Maboga matatu! Ya kijani, yenye afya.

Akauliza ni nani alifanya nini hapa. Beverly akatoka kwenye mstari.

"Ni sisi, bwana inspekta. Kila asubuhi tukifagia tulikuwa tunainua neti kona hii, nyuki waingie. Kwingine tuliacha vile mwalimu alifunika. Sasa tunaweza kulinganisha."

Inspekta akanigeukia, uso umefunguka. "Mwalimu, hili jaribio ni lako?"

"Ni langu," mdomo ukajibu kabla yangu. Mzee Zadock akakohoa. Beverly akatazama chini. Hakunisuta. Mtoto huyo angeweza kuniaibisha mbele ya shule nzima.

Nyuki mmoja akatua kwenye ua lililokuwa wazi. Watoto wa madarasa yote mawili wakachuchumaa, hakuna aliyepumua. Akaingia, akatoka amechafuka manjano, akaenda ua la pili. Mmoja wa darasa la nne akasema polepole kwamba lile nalo litashika. Nilijikuta nimechuchumaa nao. Kwa dakika nzima sikukumbuka unaibu.

Jumatatu, 3 Juni
Naibu ni Madam Filister. Nimempa mkono. Nilitaka kukasirika, lakini watoto walikuwa wanapiga makofi hadi nami nikapiga. Darasa la sita limeomba kuanzisha klabu ya nyuki pamoja na darasa la nne. Beverly ni mwenyekiti. Madam ni mlezi, mimi ni msaidizi wake, yaani nabeba mafungu ya matete makavu ya kutengenezea vyumba vya nyuki. Mzee Zadock amesema jaribio langu litasimuliwa shule jirani. Langu! Amelitamka neno hilo taratibu sana.

Alhamisi, 6 Juni
Mvua kubwa usiku. Asubuhi nimechimba kando ya sukuma wiki zangu, na mambo niliyoyaona! Nyungunyungu! Kumi, ishirini, wanajipenyeza kwenye mizizi yangu wanakula udongo wangu! Beverly akaniuliza, kwa heshima zote, kama nimezungumza na Madam kuhusu nyungunyungu. Nizungumze naye nini? Nina macho.

Nimenunua chumvi kilo mbili ya kuwamwagia. Hawa afadhali, hawana mbawa.